Yule Aliyefagia kwa Mikono ya Mdogo Wangu

Jioni ile nilitoka nyumbani kufuata vitu viwili tu: vidonge vya moyo vya Mama, na mkate. Vidonge nilivipata. Mkate niliusahau kwenye kaunta ya duka la dawa kwa sababu nilikuwa nikimchekesha muuzaji, na mimi nikishapata mtu wa kumchekesha, hata kichwa changu naweza kukiacha kwenye kaunta.

Niseme mapema kazi yangu, maana bila kazi hiyo haya yasingenipata. Mimi ni mkalimani. Nakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, nimevaa vipokea sauti masikioni. Mtu anasema kwa lugha yake, mimi namsemea kwa yenu. Nimezunguka dunia kwa kazi hiyo na kitambi hiki nimekiokota njiani, hoteli moja baada ya nyingine. Nimekuwa waziri. Nimekuwa muuza mbolea. Nimekuwa daktari wa figo, na siku moja nilikuwa bibi kizee aliyekuwa akililia msitu wake. Kanuni yetu ndiyo hiyo: hatusemi "anasema kwamba amechoka". Tunasema "nimechoka". Msemaji ndiye "mimi", na mimi mwenyewe sipo. Mke wangu wa zamani alisema hapo ndipo ulipo ugonjwa wangu wote. Naweza kuomba msamaha kwa lugha nyingi ajabu, alisema, lakini wa kwangu mwenyewe hajawahi kuusikia.

Simu ilinikuta kwenye kona ya mtaa wa mdogo wangu, ambaye Mama anaishi kwake. Aliyepiga alikuwa shemeji, mumewe. Ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu linafika mchana.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nafika. Dawa ninazo. Mkate usiniulize."

"Fanya haraka, jua lisizame." Nilisikia pumzi yake. "Ameanza kusema."

"Nani?"

"Mke wangu."

Nilisimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akanitukana vizuri sana, nikamshukuru.

Huyo mdogo wangu tulimbandika jina la Cherehani tangu utotoni, hata kabla hajagusa cherehani yoyote, kwa jinsi alivyokuwa akiongea. Maneno yalimtoka mfululizo, bila nukta, miisho ameimeza, na ukimkatiza anaanza upya tangu mwanzo. Alipokua akawa fundi wa kushona kweli. Alipopata mtoto akamwita Kifungo. Huyo Kifungo aliondoka kwa homa, ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno. Cherehani alimshonea nguo ya mwisho kwa mkono wake. Alikata uzi kwa meno, akaweka mkasi mezani.

Basi.

Tangu hapo hakusema neno. Wala hakulia, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Ukimlisha, anameza. Ukimlaza, analala. Macho yako wazi, lakini ni kama taa iliyoachwa ikiwaka kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

"Sasa shemeji," nikasema, "akisema si ndiyo furaha yetu?"

"Njoo umsikie."

* * *

Alinisubiri mlangoni na ovaroli yake ya kazi, spana bado imo mfukoni. Alikuwa amekonda. Nikamwambia tukiendelea hivi, yeye atapita ndani ya bomba na mimi nitakuwa tangi. Hakucheka. Akaweka kidole mdomoni, akanivuta ndani ya korido.

Harufu ikanipiga kwanza. Haikuwa mbaya. Ilikuwa harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu, ya kabati lisilofunguliwa, ya vitambaa vilivyokaa bila mtu kuvivaa. Lakini madirisha yote yalikuwa wazi.

Kisha sauti.

Khwaa... khwaa... khwaa...

"Nini hicho?"

"Anafagia," akanong'ona. "Kila jua likianza kuzama anainuka mwenyewe, anachukua ufagio, anafagia chumba cha kushonea. Mwanzoni nilifurahi. Nikasema, anapona. Halafu juzi akaanza kusema." Akafuta jasho. "Si lugha yetu, shemeji. Si lugha ya mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Nimeshakubaliana na watu wa maombi, wanakuja kesho asubuhi kumchukua. Wanasema watamfunga, watamkalia mpaka huyo aliyemo atoke. Mimi nikasema sawa. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila nataka kwanza nijue anasema nini. Wewe si ndiye mwenye malugha? Huku mtaani wameshampa majina. Kichaa. Mwenye mapepo. Wewe msomi ungemwitaje?"

Sasa mimi nikiogopa huwa natoa mhadhara. Wengine hukimbia. Mimi, pale kwenye korido, na ile khwaa, khwaa ikiendelea nyuma ya mlango, nikajikuta namweleza habari za neno moja.

Nilimwambia kuna neno la kizamani huko nje, energumeni, ambalo hata wenyewe hawalijui tena vizuri. Mimi nilikutana nalo kwenye mkutano mmoja wa wakubwa. Mjumbe alisimama, akapiga meza, akamwita mwenzake hivyo. Mimi kibandani nikabaki mdomo wazi kama samaki sokoni. Mwenzangu wa zamu, bibi mmoja mkongwe kwenye kazi hii, mpenda peremende, akawasha kipaza sauti chake akaniokoa: "Mpiga kelele aliyepagawa wewe!" Ukumbi ukacheka. Tulipotoka kunywa chai nikamuuliza amelitoa wapi. Akahamisha peremende shavu la pili, akasema, mwanangu, hilo neno halikuanza kama tusi.

Zamani sana, alisema, lilikuwa na maana ya mtu anayefanyiwa kazi kwa ndani na mwingine. Kama glavu na mkono. Hakuna zaidi. Na katika nyumba za kwanza za ibada watu hao hawakufukuzwa. Walikuwa na mahali pao, karibu na mlango. Kila siku waliwekewa mikono na kuombewa. Walipewa chakula. Na kati ya sala na sala walipewa kazi nyepesi wasikae bure.

"Kazi gani?" akauliza shemeji.

Nilikuwa nimeshaanza kulijibu swali lile kabla sijalisikia vizuri.

"Kufagia sakafu."

Khwaa... khwaa...

Tulitazamana.

"Halafu?" akanong'ona. "Halafu ikawaje?"

"Halafu miaka ikapita, mamia. Sakafu zikapata wafagiaji wengine. Neno likatoka nje bila ufagio na bila sahani. Wakaanza kumwita hivyo kila anayetokwa povu kwa ajili ya chama chake au dini yake. Sasa limebaki la kutupiana kwenye mikutano."

Shemeji aliutazama mlango kwa muda.

"Walilishwa?" akauliza tena.

"Walilishwa."

Akafungua mlango.

* * *

Chumba cha kushonea nilikijua tangu siku alipokihamia. Mashine nyeusi ya kushonea dirishani, meza ya kukatia, makopo ya vifungo, gauni lisilo na mkono mmoja likining'inia kwenye msumari. Taa haikuwashwa. Mwanga uliobaki ulikuwa wa nje, wa rangi ya chai.

Alikuwa ametugeuzia mgongo. Alifagia kutoka mlango unaotokea barabarani mpaka kwenye kitanda chake kilichokuwa pembeni, kwa mstari mmoja mnyoofu. Akifika, anarudi, anaanza tena palepale. Sakafu ilikuwa safi mpaka inang'aa. Hapakuwa na vumbi la kufagia.

"Cherehani," nikaita. "Mdogo wangu. Ni mimi, kaka yako mnene."

Ufagio ukasimama.

Hakugeuka. Alianza kusema.

Nimesikia lugha nyingi. Hata nisiyoijua, sikio linashika kitu: hapa ni swali, hapa ni hesabu, hapa ni matusi. Hii haikuwa na pa kushika. Ilikuwa laini, ya pumzi, maneno yasiyo na mwisho, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Na sauti ilikuwa ya chini, chini mno kwa kifua cha mdogo wangu.

Miguu yangu ikanipeleka. Sikuituma. Nilivuta kigoda nikakaa nyuma yake kidogo, upande wa bega la kushoto, mahali tunapokaa tukimtafsiria mtu kwa kunong'ona. Ni mazoea tu. Miaka yote hiyo mwili umezoea: anayesema akisema, wewe kaa pale.

Katika kazi yetu mdomo hausubiri akili. Ukisubiri uelewe umeshaachwa. Kwa hiyo nilimsikia mwanaume mmoja karibu yangu akianza kunong'ona Kiswahili, taratibu, bila wasiwasi.

Alikuwa mimi.

"Nafagia njia," nilisema. "Msinikanyagie. Nafagia njia ili aione."

Shemeji aliegemea ukuta.

Sikuijua lugha ile. Naapa. Sikuwa nimejifunza neno lake hata moja, na nilikuwa nimeielewa yote.

"Muulize," shemeji akanong'ona. "Muulize ni nani."

Nilifungua mdomo nimwambie mimi siwezi. Ikatoka ile lugha nyingine. Laini, ya pumzi. Iliniachia baridi kwenye meno na ladha ya sarafu ulimini.

Yule akajibu, nami nikasema:

"Sina jina mnaloweza kulishika. Nilikuwa nikizungumza na mdogo. Kila jioni nilikuja dirishani, tukazungumza. Mdogo akaondoka. Mkubwa akamfuata."

"Mkubwa nani?" shemeji akapiga kelele. "Mkubwa nani?"

"Mwenye mikono hii. Alimfuata mdogo siku ileile. Akaacha mlango wazi. Nilipokuja dirishani nilikuta nyumba haina mtu. Nyumba ilikuwa ikipoa. Nikaingia niipashe moto mpaka arudi."

Sikuweza kumtazama shemeji. Nilitazama vifungo kwenye kopo. Vyekundu, vyeupe, kimoja chenye umbo la samaki.

"Muulize... muulize yuko wapi. Muulize kama atarudi."

Nikauliza.

Alishika ufagio kwa mikono miwili, akauelekeza kwenye mlango wa barabarani. Kichwa kilikuwa kimeinama kama cha mtu anayesikiliza.

"Namtafuta na mimi," nilisema. "Sijamwona."

Shemeji akateleza ukutani mpaka sakafuni. Mtu mzima, mwenye kuinua mabomba ya chuma begani, akakaa chini akauma mkono wa ovaroli ili asilie kwa sauti. Lakini alikuwa na swali moja bado.

"Kesho... wale wakija wakimtoa?"

Jibu lilikuwa fupi. Nilitamani nisilisikie. Nililisema kwa "mimi", kama kazi inavyotaka, na ndiyo tafsiri iliyonichoma kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Nikitoka, hakuna wa kuvuta pumzi."

Na hapo, nyuma ya pazia la chumba cha pili, kitanda kikalia. Mama! Tulikuwa tumemsahau Mama. Moyo wake mbovu, masikio yake mazima kuliko ya kwetu sote.

"Mwanangu," aliita. "Si huyo ni mdogo wako anayesema? Anasema nini?"

Shemeji aliinua macho kunitazama. Na yule mwingine, kwa mara ya kwanza, akageuza uso wa mdogo wangu kunitazama pia. Uso uleule. Kovu la pasi kwenye kidevu. Ila macho yalikuwa ya mgeni aliyekaribishwa sebuleni, anayeogopa kugusa vitu.

Sijawahi kubadilisha neno la mtu kibandani, hata la wale waliostahili. Nikapandisha sauti:

"Anasema yuko njiani, Mama. Anarudi."

Halafu Mama akasema, polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo:

"Hiyo lugha naijua. Ndiyo aliyokuwa akiongea Kifungo, peke yake kitandani, kabla hajaanza kusema yetu. Nilikuwa namsikia akicheka na mtu."

Nywele zote za mikononi zilisimama, na mimi nywele za kichwani sina, kwa hiyo mikono ndiyo iliyofanya kazi yote.

* * *

Asubuhi watu wa maombi walikuja na kamba. Shemeji aliwazuia mlangoni. Aliyesema sana siku zote ni mimi, lakini asubuhi ile yeye ndiye aliyesema.

"Hatoki mtu humu."

"Ndugu, hujui ulichokifuga," kiongozi wao alimwambia, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa na huruma usoni. "Huyo si mkeo."

"Najua," shemeji akasema. "Ameshakunywa uji. Nendeni salama."

Tukaishi naye.

Nilikuwa nakwenda kila jioni baada ya kazi, na hata safari za nje nikazikataa. Nilijiambia namtunza Mama. Ukweli ni kwamba palikuwa na mtu mmoja tu duniani asiyekuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mimi, na watu wa namna hiyo ndio udhaifu wangu. Alikula kidogo. Alifagia. Akimaliza alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akiutazama. Wakati mwingine alichukua kifungo kutoka kwenye kopo akaniuliza kinaitwaje. Nikamwambia. Uzi je? Nikamwambia. Sindano? Kikombe? Akilisema neno analipuliza kwanza, kama la moto.

"Unafundisha jini Kiswahili," shemeji alinitania siku moja, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba. "Sasa ataanza kudai haki zake."

"Akidai namleta kwako. Mimi ni mkalimani tu."

Tulicheka wote wawili, tukashtuka kwa sauti zetu. Yeye kwenye kigoda alitutazama, kisha akajaribu. Akafungua mdomo, akatoa kicheko.

Kilikuwa cha Kifungo.

Shemeji aliondoka chumbani. Nilimweleza yule, kwa lugha yake, asifanye hivyo tena. Aliinamisha kichwa. "Nilidhani ni cha wote," alisema.

Mama ndiye aliyekuwa akizidi kuzorota. Vidonge vikawa havishiki. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuhesabiwa. Daktari alikuja akanivuta koridoni, palepale, akaniambia tumpe anachotaka. Na Mama alitaka kitu kimoja tu. Tangu jioni ile nilipomdanganya alikuwa akiniuliza kila nikiingia:

"Amefika?"

"Yuko njiani, Mama."

"Njia gani hiyo isiyoisha? Mimi naondoka, mwambie. Tusipishane mlangoni."

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, jua kali, mtaa una kelele zake za kawaida, mtu anagonga mabati mahali. Nimekaa kitandani nimemshika Mama mkono. Hakufungua macho tena ila midomo ilikuwa ikisema. Amefika? Amefika?

Pazia likasogea.

Alisimama pale bila ufagio. Hakuwa amewahi kuingia chumba kile.

"Mkongwe anataka nini?" aliniuliza kwa lugha yake.

"Anamtaka binti yake. Anataka kumsikia kabla hajaenda."

Alifikiri.

"Sauti yake imo humu. Niliikuta. Aliiacha imetundikwa." Akagusa koo la mdogo wangu kwa vidole viwili. "Sijaigusa. Si yangu. Nikiivaa, ni vibaya?"

Mungu anisamehe, nilitazama nje dirishani. Nilitazama yale mabati. Nikasema:

"Ivae."

Akapiga magoti. Akavuta pumzi, na sauti ikabadilika wakati pumzi inaingia, nikasikia ikipanda, ikikwaruza, ikikaa mahali pake.

"Mama ni mimi jamani nimefika njia ilikuwa ndefu miguu imeniuma hivi mmekula kweli nyinyi mbona umekonda hivi Mama kaka anakulisha nini huyu..."

Bila nukta. Miisho imemezwa yote.

Nilishika ukingo wa kitanda. Shemeji alikuwa amesimama kwenye pazia na spana mkononi, na spana ikaanguka.

Mama alifungua macho. Alimtazama. Uso wote ukalegea, ukawa wa msichana. Kisha akageuza kichwa kwangu, taratibu, kwa kazi kubwa. Akaniuliza mimi, mtu wa malugha, mtu asiyebadilisha neno.

"Ndiye?"

"Ndiye, Mama."

Akashusha pumzi ndefu. Mkono wake mmoja ulikuwa kwangu, wa pili akaupeleka shavuni kwa yule. Ukakaa hapo. Tulingoja pumzi nyingine.

Haikuja.

Mabati yaliendelea kugongwa. Hakuna aliyesogea. Nilitaka kulia nikaona siwezi, koo limejaa maneno ya watu wengine.

Kisha yule akashtuka. Akautoa mkono wa Mama shavuni kwa upole, akauweka kifuani pa Mama mwenyewe. Akajigusa uso. Akatazama vidole vyake, akavigeuza huku na huku. Vilikuwa vimelowa.

"Haya ni nini?" aliniuliza. Ile lugha ya pumzi imerudi, na kwa mara ya kwanza ndani yake nikasikia woga.

"Machozi."

"Si yangu," alisema.

"Si yangu," akarudia, akirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. "Mimi sijui kuyafanya. Kuna mtu anayatoa. Kuna mtu... nyuma yangu."

Nilimwendea kwa magoti. Shemeji akaniuliza amesema nini, amesema nini, shemeji, nitafsirie. Nilimshika yule mabega, nikasogeza uso wangu karibu kabisa na uso wa mdogo wangu, nikaita kwa sauti ndogo, jina lile tulilomwita utotoni.

"Cherehani?"

Jicho la kushoto lilikuwa likilia.

La kulia lilikuwa likinitazama.